Baiskeli za Jumamosi na Kompyuta ya Usiku



Somo letu linatoka Injili ya Marko, sura ya 1, aya ya 35 hadi 39. Kama Biblia iko karibu, soma kwanza, ni aya tano tu. Yesu anaamka kungali giza, anakwenda peke yake mahali pasipo watu, anasali. Simoni na wenzake wanamtafuta mpaka wanampata, wanamwambia watu wote wanamuulizia. Naye anaondoka nao, ila si kurudi walikotaka wao. Anawapeleka vijiji vya jirani.

Aya hizi zinanigusa kwa sababu ya maisha yangu hapa Shangani. Nina mambo mawili ninayoyapenda na yote yanakula muda. La kwanza ni kikundi chetu cha baiskeli. Kila Jumamosi alfajiri tunakwenda Mikindani, kama kilomita 10 hivi, tunapumzika karibu na Boma la Wajerumani, tunasali, tunarudi kabla jua halijawa kali. La pili ni kompyuta yangu ya mtumba. Usiku, umeme ukiwepo, natengeneza programu ya nyimbo za kwaya: unachagua Dominika, inakupa nyimbo za mwanzo, za sadaka na za komunyo. Hakuna aliyenifundisha, najifunza mwenyewe.

Chuo nimemaliza, ajira bado. Mama aliniuliza, "Mwanangu, hiyo baiskeli ndiyo itakayotulisha?" Hakuwa ananidharau. Nyumbani kuna wadogo zangu wanaosoma, na kama kuna kitu mkononi mwangu kinachoweza kuleta riziki siku moja, ni ile kompyuta. Basi kwa nini nisiache baiskeli?

Wengi hujibu swali hili kwa rula: nusu huku, nusu huku. Mimi siamini. Muda si mkate wa kukata vipande sawa. Mtakatifu Benedikto, ambaye watawa wake wako Ndanda tangu 1906, alipopanga saa za kazi na za kusoma katika sura ya 48 ya Kanuni yake, hakuweka ratiba moja ya mwaka mzima. Kuanzia Pasaka ni hivi, kuanzia Oktoba ni vingine, Kwaresima vingine tena. Aliangalia jua na majira ya Kanisa. Hata sisi wa Mtwara tunalijua hilo: mwendo wa baiskeli wa mwezi wa saba, hewa ikiwa na ubaridi kidogo, si sawa na wa Januari kwenye mvua na joto.

Halafu kuna watakatifu wawili ambao Papa Leo XIV aliwatangaza siku moja, tarehe 7 Septemba 2025. Pier Giorgio Frassati wa Torino alikuwa mtu wa marafiki na milima, lakini pia mwanafunzi wa uhandisi wa migodi, maana alitaka kuwa karibu na wachimbaji. Alifariki 1925 akiwa na miaka 24, hajapata shahada yake. Carlo Acutis, aliyefariki 2006 akiwa na miaka 15, alikuwa mtu wa kompyuta. Alikusanya habari za miujiza ya Ekaristi na kuziweka kwenye intaneti. Michezo ya video aliipenda, lakini inasimuliwa kwamba alijiwekea saa moja tu kwa wiki. Mimi naona saa hiyo moja ina somo kubwa kuliko ujuzi wake wote. Alijua kitu kinachomeza.

Kompyuta inameza, jamani. Unakaa saa mbili usiku kurekebisha kosa dogo, ukiinua kichwa ni saa nane. Na haikuulizi umekula au la. Baiskeli nayo ina ujanja wake: safari ya saa mbili inakuwa siku nzima, soda, stori, na huyu kapata pancha, na yule cheni imekatika.

Kwa hiyo mimi huuliza, nani ananingoja? Jumamosi alfajiri wenzangu wananingoja njia panda, na mmoja wao ni mgeni barabarani, bado anaogopa malori, hupenda kukaa nyuma yangu. Lakini wiki nne kabla ya Pasaka ni mwalimu wa kwaya anayengoja orodha ya nyimbo. Wiki hizo nawaaga wenzangu mapema, kwa maneno, si kwa kupotea. Yesu pale Marko hakuwaacha Simoni na wenzake wakimtafuta mpaka jioni.

Na Mama nimemwonyesha programu yenyewe. Alisikiliza, akauliza kama inaweza kuandika pia michango ya jumuiya, nani katoa na nani bado. Swali zuri kuliko yote niliyowahi kupewa, na nimeanza kulifanyia kazi.

Kuna mwenzetu mmoja hajaonekana Jumamosi tatu. Wengine wanasema kazama kwenye simu, wengine kazi za korosho. Alhamisi nitapita kwao. Nasikia tairi lake la nyuma lina pancha, kwa hiyo nitabeba gundi, kiraka na pampu.