MGOMBEA NA ITIKADI YAKE

Huulizwa mara nyingi katika darasa zetu: mtu atakaye kuchaguliwa, je, ashike itikadi yake ijapokuwa itamkosesha kura, au asogee katikati walipo watu wengi? Wenye kusema ashike huuita usogeaji huo unafiki. Wenye kusema asogee huuona ushikaji kuwa ni ukaidi. Sisi twaona kila upande umepata nusu ya haki, na tutatoa mfano wa chama cha Labour cha Uingereza.

Mwaka 1983 kiongozi wake, Michael Foot, aliwaendea wapigaji kura na mambo aliyoyaamini miaka mingi, khasa kuwa nchi iache silaha za nyuklia pasi na kungojea wengine. Hakuficha neno. Chama kilipata viti 209 katika 650. Aliyemfuata, Neil Kinnock, naye alikuwa na rai hiyo. Lakini mwaka 1989 chama kiliiacha chini ya uongozi wake, na juu ya hayo kikashindwa mwaka 1992. Basi kusogea peke yake si dhamana ya ushindi.

Tony Blair alikishika chama mwaka 1994. Mwaka wa pili yake alikitaka kibadilishe sharti la mwaka 1918, lililoahidi kuwa njia za kuzalisha mali zitamilikiwa na umma. Wanachama wakajadiliana, wakapiga kura, wakakubali. Mwaka 1997 chama kikapata viti 418 katika 659.

Tuzingatie: Foot alishika, Blair akageuza, na kila mmoja alifanya hilo mbele ya watu, kabla ya siku ya kura. Mpigaji kura alijua anachopewa. Kugeuza rai kwa hoja na kwa uwazi si aibu. Aibu ni kusema neno hili barazani kwetu, na jengine nyumbani kwa tajiri, kisha kura zikishahisabiwa likatendwa la tatu.

Kura ni amana, enyi ndugu. Ajapo mgombea kutuomba, tusimuulize tu atatupa nini. Tumuulize: ni jambo gani usiloliacha hata ukikosa kura zetu? Na lipi uliloligeuza, na kwa sababu gani? Akishindwa kujibu yote mawili, huyo hana itikadi ya kushika wala ya kugeuza. Ana haja ya kiti tu.