KRISMASI: TUSAIDIANE KWA JEMBE NA KWA DAMU



Krismasi inapokaribia, wengi wetu hufikiria nguo mpya, wali na nyama. Asiye na fedha huona hana cha kutoa. Leo tujifunze njia mbili za kuwasaidia wenzetu bila fedha.

1. JEMBE

Kwetu Shinyanga na Geita, Krismasi huangukia msimu wa kulima. Mvua huanza Oktoba au Novemba, na huisha Aprili au Mei. Mara nyingi hukatika kidogo Januari au Februari. Mahindi yaliyowahi kupandwa huvumilia, lakini yaliyochelewa hunyauka. Basi mama mjane, mzee asiye na mtu au mgonjwa akishindwa kulima sasa, njaa yake ya mwaka ujao imekwisha kuanza. Sahani ya pilau itamshibisha siku moja. Shamba litamlisha miezi mingi.

Jambo hili si geni. Wazee wetu wa Kisukuma walikuwa na vikundi vya vijana vya kulima pamoja, chini ya kiongozi aliyeitwa nsumba ntale. Ngoma ya bugobogobo, inayochezwa na majembe mkononi, inatokana na kazi hiyo.

Sikukuu hizi vijana wengi hurudi nyumbani kutoka machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, Mgusu na kwingineko. Aliyezoea kuvunja mwamba hashindwi na udongo wenye mvua!

Tufanye hesabu. Ekari moja ni hatua 70 kwa 70. Watu 35 wakijipanga mstari mmoja, kila mtu atapata upana wa hatua 2, maana 35 x 2 = 70. Wakianza alfajiri, watamaliza kabla jua halijawa kali. Mtu mmoja angehitaji asubuhi 35, na mvua haimngojei.

Tufuate mpango huu:

(a) Tukutane mapema na mwenyekiti wa kitongoji. Tuandike majina ya wanaohitaji msaada.

(b) Tumwulize kwanza mwenye shamba: "Mama, ungependa tulime upande gani, na tupande nini?" Tusimwamulie.

(c) Kila mtu aje na jembe, maji na chakula chake. Si haki mjane achinje kuku wake wa mwisho kwa ajili ya wasaidizi.

(d) Tusiondoke kabla ya kupanda. Mahindi yakiota, turudi baada ya wiki mbili au tatu kupalilia.

2. DAMU

Mvua huleta mbu, na mbu huleta malaria. Malaria kali humaliza damu ya watoto wadogo. Mama anayejifungua na mchimbaji aliyeangukiwa na kifusi nao huweza kupoteza damu nyingi. Damu haitengenezwi kiwandani. Hutoka kwa mtu tu.

Wanafunzi wa sekondari ni kundi kubwa la wachangiaji wa damu nchini. Shule zikifungwa Desemba, akiba hupungua. Basi sisi watu wazima tushike nafasi yao.

Anayeweza kuchangia ni mtu mwenye afya, wa miaka 18 hadi 65, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi. Mwanamume huweza kurudia baada ya miezi 3, na mwanamke baada ya miezi 4. Tuulize hospitali ya wilaya au ya mkoa ni siku gani wanapokea. Siku ya kutoa damu tunywe maji mengi, na tusishike jembe. Kulima kungoje siku nyingine.

Ndugu zetu, njaa haiulizi dini, wala mtoto anayehitaji damu haulizwi dhehebu lake. Mkristo, Mwislamu na anayefuata mila za mababu, wote wana mikono. Kidole kimoja hakivunji chawa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kitongoji chetu, ni nani hajalima mpaka leo? Kwa nini?

2. Tukiwa watu 14 tu, kila mtu atalima upana wa hatua ngapi katika ekari moja?

3. Ni nani kati yetu atakwenda kuuliza hospitali, na lini?