Nyota za mwanangu zinaaminika?

SWALI: Mwanangu anacheza futiboli ya Kimarekani sekondari, hapa Texas. Wapimaji wa vipaji vya kuchezea vyuo wamempa nyota tatu kati ya tano. Nizitegemee? – Mama wa mchezaji

JIBU: Mama, kwa kundi zima nyota husema kweli: wenye tano, takriban 30 tu kwa mwaka, hufika NFL, ligi kuu ya kulipwa, kwa uwiano mkubwa kuliko wengine. Kwa kijana mmoja mmoja, hapana. Hupimwa akiwa na miaka 16 au 17, mwili bado unakua, na shule za mashambani hazifikiwi sana. Josh Allen wa Firebaugh, California, alimaliza sekondari bila ofa ya chuo kikubwa. Mwaka 2018 alikuwa wa 7 kuchaguliwa katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL. Patrick Mahomes, mchezaji mwingine wa NFL, naye alikuwa na nyota tatu akiwa sekondari. Kwa hiyo, badala ya kutegemea nyota, uliza vyuo vingapi vimempa ofa ya udhamini kwa maandishi.