Kwa Nini Sakafu ya Zege Hupasuka

Wasomaji wengi wa Butimba na pande zote za Mwanza wamepata kuyaona haya majumbani mwao. Sakafu ya zege imemwagwa, imesuguliwa ikang'aa, na mwenye nyumba amefurahi. Hupita majuma machache, kisha ufa mwembamba kama uzi hutokea katikati ya chumba, au huanzia penye pembe ya mlango ukaenda mshazari. Hapo ndipo maneno huanza. Mwenye nyumba huuliza, "Fundi, saruji yangu uliipeleka wapi?" Na fundi huapa kwamba hakuchukua hata kibaba. Mara nyingi fundi husema kweli. Tena pengine saruji ilizidi, maana zege lenye saruji nyingi mno hupungua zaidi.

Tutazame ngozi ya ng'ombe, jambo ambalo kila mfugaji wa Usukuma analijua. Ngozi mbichi ikiachwa bila kuwambwa, hukauka ikajikunja, wala haipasuki. Lakini ikiwambwa kwa vigingi vilivyokazwa sana, hutaka kujivuta na vigingi haviiachii. Basi huraruka mahali palipokwisha kuguswa na kisu. Zege ni vivyo hivyo. Maji ya kulikorogea huwa mengi kuliko yale yatakiwayo na saruji ili igande. Yaliyozidi hutoka polepole kwa miezi mingi, na zege hupungua kama nusu ya milimeta kwa kila mita 1. Sakafu ya mita 6 basi hutaka kupungua milimeta 3. Kama ingekuwa huru, ingejivuta tu. Ikishikwa huvutwa, na zege, ijapokuwa hustahimili sana kukandamizwa, likivutwa lina nguvu kama sehemu 1 tu katika 10 ya ile.

Na huku kwetu mshikaji mkubwa ni jabali. Katika vilima vya Mwanza, kama Igogo na Mabatini, nyumba nyingi zimesimama juu ya mawe, na watu husifu msingi huo. Kwa kuchukua uzito wa nyumba sifa hiyo ni haki. Lakini jabali halipungui, nalo huishika sakafu kwa chini kila mahali kama vigingi elfu.

Basi atakaye kumwaga zege juu ya jabali, kwanza asawazishe kwa mchanga, kisha atandike nailoni, ili sakafu ipate kuteleza. Kandokando ya kuta na nguzo aache nafasi ndogo, aijaze kitu laini. Sakafu ya unene wa sentimeta 10 aikate vipande visivyozidi mita 3 kila upande, na mkato uingie robo ya unene, nao ufanywe mapema, kabla sakafu haijajipasua yenyewe. Ufa utatokea bado, illa utafuata mkato, wala hautachukiza macho.

Fundi asikubali kuongeza maji ili zege liwe kama uji, hata vibarua wakinung'unika. Na upepo wa ziwani pamoja na jua la Juni hata Agosti hukausha uso wa zege kabla halijagandamana. Kwa hiyo lifunikwe upesi kwa magunia yaliyoloweshwa, yakae mabichi siku 7 kwa uchache. Kulowesha hakuondoi kupungua, bali hukuchelewesha mpaka zege lipate nguvu.

Wako wanaotegemea nondo. Nondo hazizuii ufa. Huugawanya ukawa nyufa nyingi nyembamba sana. Katika tangi la maji ya shule faida hiyo ni kubwa, kwani ufa mpana huvujisha na ule mwembamba sana huweza kujiziba.

Kabla ya kumshitaki fundi kwa mzee wa mtaa, weka ubao ulionyoka juu ya ufa. Pande zote mbili zikiwa sawasawa, yaelekea ni kupungua tu. Upande mmoja ukiwa juu ya mwenziwe, msingi unazama, na hapo aitwe mhandisi bila kukawia.