Tuukague Upinde Kabla ya Kulenga Shabaha

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baad.



Wengi wetu tumesoma darasani Hadithi ya Uqba bin Aamir (r.a.), iliyomo katika Sahih Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) akiwa juu ya mimbari aliifasiri nguvu iliyotajwa katika Suratul Anfal, aya ya 60, kuwa ni kurusha mishale. Kwa sababu hiyo vijana wengi hupenda kujifunza mchezo huu, na ni jambo la kheri. Lakini mara nyingi tunafundishwa namna ya kusimama, kuvuta na kulenga, na tunasahau kuuliza swali moja la mwanzo: je, upinde wenyewe ni mzima? Somo letu la leo linahusu swali hilo.

Upinde huvunjika hata mikononi mwa bingwa

Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625 Miladia), Abu Talha (r.a.) alisimama mbele ya Mtume (s.a.w.) akimkinga kwa ngao yake. Anas bin Malik (r.a.), ambaye Abu Talha alikuwa mume wa mama yake, anasimulia katika Sahih Bukhari kwamba Abu Talha alikuwa mrushaji hodari mwenye mvuto mkali, na kwamba siku ile zilivunjika mkononi mwake pinde mbili au tatu.

Tuzingatie jambo hili. Abu Talha hakuwa mwanagenzi. Alikuwa miongoni mwa warushaji mashuhuri wa Madina, na bado pinde zilimvunjikia. Basi kuvunjika kwa upinde si aibu wala si ajabu. Upinde ni kitu kinachopindwa kwa nguvu, kikaachiwa, kikapindwa tena mara mamia, na kila kitu cha namna hiyo huchoka. Tofauti ni kwamba Abu Talha alikuwa vitani. Sisi tuko uwanjani tunajifunza, hatuna dharura yoyote ya kutumia chombo kibovu.

Kwa nini upinde huvunjika?

Upinde una pande mbili. Upande unaotazama shabaha huitwa mgongo, na upande unaomtazama mrushaji huitwa tumbo. Tunapovuta ugwe, yaani uzi wa upinde, mgongo hunyooshwa na tumbo hubanwa. Mafundi wa Kiarabu na wa Kituruki walilijua hilo vizuri. Upinde wao ulikuwa na mti katikati, mishipa ya mnyama mgongoni kwa sababu mishipa hustahimili kunyooshwa, na pembe tumboni kwa sababu pembe hustahimili kubanwa. Vyote viliunganishwa kwa gundi, na kazi ilichukua miezi mingi kwa kuwa gundi ilingojewa ikauke. Fani hiyo ya Waturuki iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2019.

Sababu kubwa za kuvunjika ni hizi:

1. *Kufyatua upinde mtupu.* Mshale ndio unaobeba nguvu iliyowekwa katika upinde. Ugwe ukiachiwa bila mshale, nguvu hiyo hurudi katika upinde wenyewe. Mara moja tu yaweza kutosha kuupasua. Mshale mwepesi kupita kiasi nao huleta madhara yanayokaribia hayo.

2. *Kuvuta kupita kipimo.* Upinde wa mtoto ukivutwa na mtu mzima mwenye mikono mirefu hupindwa kuliko ulivyotengenezwa.

3. *Joto na unyevu.* Mti ukikauka sana hupasuka, na ukilowa hulegea. Gundi ya asili huogopa unyevu. Kwa hiyo sisi tunaokaa pwani tusiuache upinde sakafuni wala nje usiku, na tusiuache ndani ya gari lililofungwa juani.

4. *Kuutia uzi kinyume.* Ziko pinde ambazo zikitolewa uzi hujikunja kuelekea mbele. Asiyezijua huzipinda upande usio wake na kuzivunja.

Namna ya kukagua

Ukaguzi ufanywe kila siku kabla ya mshale wa kwanza, na urudiwe kila upinde unapoanguka au kugonga kitu.

*Kwanza, mikono ya upinde.* Tunakusudia sehemu mbili zinazopinda, juu na chini ya mshikio. Uangalie upinde kwenye mwanga, mgongo na tumbo. Tafuta ufa, kibanzi kilichonyanyuka, na mistari myembamba iliyokata tumbo kwa upana, kwani hiyo ni dalili kwamba mti umeanza kubondeka. Katika pinde za kisasa zenye tabaka, angalia kama tabaka zimeanza kuachana. Usipitishe kidole kitupu, pitisha kipande cha pamba. Pamba ikinasa, hapo pana kasoro.

*Pili, ugwe.* Angalia nyuzi zilizokatika au kuchakaa, hasa kwenye vitanzi vya ncha mbili na mahali mshale unapokaa. Ugwe uliokatika uzi mmoja hubadilishwa, haufungwi fundo.

*Tatu, umbo.* Baada ya kutia uzi, utazame upinde kwa urefu. Mikono yote miwili ipinde sawasawa, na ugwe upite katikati. Mkono mmoja ukipinda zaidi au ukijisokota, upinde uwekwe kando.

*Nne, mishale.* Upinde mzima wenye mshale mbovu ni hatari vilevile. Pinda kila mshale kidogo huku ukiuzungusha, usikilize na utazame. Mshale wenye ufa waweza kukatika unapoachiwa na kipande chake kikaingia katika mkono ulioshika upinde. Hakikisha pia kwamba chembe imekaza, kwamba mwanya wa nyuma haujapasuka, na kwamba mshale si mfupi kuliko mvuto wako.

*Tano, sikiliza.* Weka mshale, elekea shabaha wakati uwanja uko wazi, kisha vuta taratibu nusu ya mvuto bila kuachia, na urudishe taratibu. Ukisikia mlio wa kukwatuka, acha hapo hapo, umpelekee mwalimu. Usijaribu "mara moja ya mwisho".

Upinde ukivunjika, vipande huruka karibu na uso na shingo ya aliyeushika, na aliye jirani naye. Jicho likipotea halirudi. Ndiyo maana wanaongoja zamu hukaa nyuma ya mstari, mbali na mrushaji.

Amana mbele ya Allah

Huenda mwanafunzi akasema, "Mimi nimetawakali." Katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kisha ndiyo atawakali. Tena katika Bukhari na Muslim tunapata kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrisha mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale azishike chembe zake, asije akamjeruhi Muislamu. Ikiwa mshale uliobebwa tu umewekewa adabu hii, je, upinde uliovutwa mbele ya wenzetu?

Kwa hiyo mwenye kuuza au kuazima upinde wenye ufa ni wajibu aiseme kasoro yake, kwani kuificha ni hadaa. Upinde uliopasuka usigandishwe kwa gundi ya dukani ukapewa mtoto. Ukatwe vipande kabla ya kutupwa, asije mtoto mwingine akauokota jalalani akaona amepata mchezo. Na wewe mwanafunzi unayegundua ufa katika upinde wa madrasa, usinyamaze kwa kuogopa kuambiwa wewe ndiye uliyeuharibu. Waalimu nasi wazazi tusimkemee mtoto anayeleta habari hiyo, bali tumshukuru, kwani huenda amemwokoa mwenzake.

Tumuombe Allah atupe elimu yenye manufaa na atulinde sisi na watoto wetu. Amin. Wabillahi tawfiq.

Maswali ya kujipima

1. Ni Sahaba gani aliyevunjikiwa na pinde siku ya Uhud, na tunajifunza nini kwake?
2. Kwa nini haifai kufyatua upinde usio na mshale?
3. Taja mambo matano ya kukaguliwa kabla ya kurusha.
4. Mwenzako anataka kuazima upinde wako wenye ufa mdogo. Utafanya nini, na kwa nini?