Kazi ya Mikono ya Mama wa Nyumba Ihesabiwe

SOMO LA JAMAA



Katika somo hili tunataka kujifunza pamoja juu ya jambo linaloonekana dogo, kumbe linagusa kila nyumba: kazi za mama anayebaki nyumbani. Tunapotembelea jamaa mitaani na kumwuliza mama, "Unafanya kazi gani?", mara nyingi anajibu, "Mimi sina kazi, niko tu nyumbani." Na bwana wake anaitika kwa kichwa. Lakini ukitazama uani unaona nguo zimeanikwa, sombe imetwangwa, bustani ya lengalenga imenyweshwa maji, na juu ya kiti kuna kitambaa cha kutarizi ambacho hakijamalizika. Nani amefanya hayo yote, kama mama hana kazi?

Shabaha ya somo letu ni hii: kazi ya mama wa nyumba ni kazi kweli, na inafaa kuhesabiwa kama kazi nyingine. Hatusemi ihesabiwe ili mtu ajisifu. Ihesabiwe kwa sababu kitu kisichohesabiwa kinaibiwa upesi, hata na watu wa nyumba moja wanaopendana.

1. SIKU YA MAMA

Tufuate siku moja ya mama wa Lubumbashi. Saa kumi na moja ya asubuhi amekwisha kuamka. Anafagia uwanja, anachota maji, anawasha mbabula, anachemsha chai, anaosha watoto na kuwapeleka njiani kwenda shule. Kisha soko. Kisha sombe: kuchambua majani, kutwanga, kupika kwa muda mrefu mpaka yaive vizuri, kwa maana majani ya mihogo yasiyopikwa vya kutosha yana sumu. Kisha nguo, bustani, mgonjwa wa jirani, bukari ya jioni, vyombo. Watoto wanapolala, ndipo anashika sindano yake.

Wababa wapendwa, andikeni kazi hizo katika kaye, mbele ya kila kazi mtie saa iliyotumika, kisha jumlisheni. Tunaamini wengi watashangaa. Mtu anayekwenda kazini ana saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mama wa nyumba hana saa ya kutoka.

2. MSHAHARA ULIPOKATIKA

Jambo hili si maneno matupu kwetu watu wa Katanga. Zamani mfanyakazi wa Gécamines alipata mshahara, unga wa jamaa, hospitali na shule ya watoto. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji palikuwa na vyumba vya mafundisho ambamo wamama walifundishwa kushona, kupika na kupiga pasi, ili watunze vizuri nyumba ya mfanyakazi. Kazi ya mama ilionekana kama pambo juu ya mshahara wa baba.

Kisha mambo yaligeuka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka. Miaka iliyofuata shaba ilipungua sana na mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 ulianzishwa mpango wa kuondoka kazini kwa hiari, na kwa mpango huo wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliiacha kampuni. Wakati huo nani alishika nyumba? Wamama walichukua jembe, wakalima mihindi kandokando ya mji. Wengine waliuza samaki, makala au maandazi, wengine walishona. Ufundi ulioitwa pambo ukawa nguzo ya nyumba.

Basi, tusingoje taabu nyingine ndipo tuheshimu mikono hiyo.

3. MFANO: SABUNI YA MAWESE

Tuchukue kazi moja ambayo wamama wengi wanaweza kuifanya uani: sabuni ya mawese. Kwa kilo 5 za mawese safi, tunahitaji gramu 650 za soda kostiki na maji lita 1 na robo tatu. Vitu vyote vipimwe kwa mizani, si kwa kikombe wala kwa macho. Soda ikizidi, sabuni itakula ngozi. Ikipungua sana, itabaki laini na yenye mafuta.

Sikilizeni sana hapa. Soda kostiki inaunguza ngozi na kupofusha macho. Mama avae glavu za mpira na miwani, afanye kazi nje penye upepo, na watoto wakae mbali. Soda inatiwa ndani ya maji polepole. Maji hayamwagwi kamwe juu ya soda, maana yatachemka kwa ghafula na kuruka usoni. Tena sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu, na soda inakula aluminiamu. Tumieni ndoo nzito ya plastiki au chombo cha inoksi. Msiweke soda katika chupa ya maji au ya limonadi hata siku moja, kwa sababu mtoto ataidhania kinywaji. Ikigusa ngozi au jicho, oshani kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, kisha nendeni kwa muganga wa hospitali. Mtoto akiimeza, msimtapishe. Asukutue kinywa na apelekwe hospitali mara moja.

Maji ya soda yakishapoa, yeyusha mawese, maana wakati wa baridi ya mwezi wa sita na wa saba yanaganda. Yakiwa na joto kidogo tu, mimina maji ya soda ndani yake polepole huku ukikoroga bila kuacha, mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji, hata mwiko ukipita unaacha alama. Mimina katika sanduku la mbao lililotandikwa plastiki. Baada ya siku moja au mbili, ukiwa umevaa glavu bado, kata vipande na uvipange kivulini penye hewa kwa majuma 4. Mwenye haraka anayeuza sabuni mbichi ataharibu mikono ya wateja na jina lake pia.

4. KAYE YA HESABU

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo. Sabuni hiyo ina uzito wa kilo 7 na zaidi siku ya kuimimina. Tukikata vipande vya gramu 200, tunapata kama vipande 37, ambavyo vitapungua uzito kidogo vikikauka. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mawese, soda, makala na safari ya sokoni vimegharimu franka 30,000. Kila kipande kimegharimu franka 811 hivi. Mama anauza kipande kwa franka 1,000. Vyote 37 vingeleta franka 37,000, faida ni 7,000.

Lakini tutazame yanayotokea nyumbani. Vipande 7 vimechukuliwa: viwili vya kufua, viwili vya kuoga, kimoja cha mama mkwe, viwili vya jirani aliyejifungua. Mama anauza vipande 30, anapata franka 30,000 zile zile alizotoa. Jioni bwana anauliza, "Faida iko wapi?" Mama ananyamaza, na bwana anasema, "Kazi yako haileti kitu."

Wapendwa, faida iko wapi? Iko katika nguo za watoto zilizo safi. Iko mkononi mwa mama mkwe. Iko kwa jirani mzazi. Nyumba yenyewe imekula faida, kisha inamlaumu mama kwamba hakuna faida. Kaye ingeonyesha jambo hilo waziwazi kama ingekuwa na mistari minne: vitu vilivyonunuliwa, vipande vilivyouzwa, vipande vilivyotumika nyumbani, na vipande vilivyotolewa bure. Mstari wa tatu na wa nne nao una bei. Mtu akiandika hivyo, neno "haileti kitu" haliwezi kusemwa tena.

Tuongeze mstari wa tano: saa za mama. Hata kama hakuna anayemlipa, aziandike. Ataona kama kazi hiyo inafaa nguvu zake, au kama ingekuwa heri kufanya nyingine. Wamama wengine wanafanya kazi nne kwa mara moja na hakuna hata moja inayomalizika. Ni heri kuchagua moja, kuifikisha mwisho, kuihesabu, ndipo kuanza ya pili. Na pahali penye likelemba, zamu ya mama ikifika, feza ya kununua vitu vya kazi itengwe kwanza, kabla ya matakwa mengine.

5. KAZI YA UZURI

Kuna kazi nyingine ambayo haina lazima ya kuuzwa. Mama anatarizi maua juu ya kitambaa cha meza, anafuma kwa kroshe, anaunganisha vipande vya vikwembe vilivyochakaa na kufanya blanketi la mtoto. Wengine wanasema huo ni upotevu wa wakati. Sisi hatukubali.

Tazameni Wakuba wa Kasai. Wanaume wanafuma kitambaa cha nyuzi za majani ya mnazi-mwitu unaoitwa rafia, na wanawake wanakitarizi kwa nyuzi fupi mpaka kinakuwa laini kama mahameli, chenye michoro iliyopangwa kwa akili nyingi. Vitambaa hivyo vinatunzwa leo katika majumba makubwa ya ukumbusho ya Ulaya na Marekani, na watu wanalipa kuingia kuviangalia. Vilitoka katika mikono ya watu walioketi uani kwao. Mnaona pia kwamba kazi iligawanywa: mume alifuma, mke akatarizi.

Hata Maandiko yanakumbuka mambo hayo. Katika Matendo ya Mitume sura ya 9, Dorkasi wa Yafo alipokufa, wajane hawakuleta hotuba. Walionyesha nguo alizowashonea. Na sura ya 31 ya Mithali, inayosomwa sana siku ya wamama, inamsifu mke anayefuma na kuuza. Lakini wasomaji wengi wanaishia njiani. Mwisho wa sura ile unadai mke huyo apewe sehemu ya matunda ya kazi yake. Sifa bila sehemu yake ni nusu ya somo.

6. NANI ANA NENO JUU YA FEZA HIYO?

Hapa ndipo ugomvi mwingi wa nyumba unapoanza. Baba mwingine akisikia mke ameuza sabuni, anapunguza feza ya chakula, akisema, "Sasa una yako." Hivyo mama anayefanya bidii anaadhibiwa kwa bidii yake, na mtaji unaliwa kwa bukari ya juma moja. Mwingine anaichukua yote.

Tujue pia sheria ya inchi. Kode ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimdai mke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo la sheria linalomfunga, kama kutia sahihi mapatano ya biashara. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Sasa inawataka mume na mke wapatane wao kwa wao. Baba anayesema "bila ruhusa yangu huwezi" anasema sheria ya zamani. Lakini tusikimbilie sheria kwanza. Kupatana kunafanyika mezani, juu ya kaye iliyofunguliwa: hii ni feza ya mtaji, haiguswi, hii ni ya nyumba, hii ni ya mama mwenyewe.

Na watoto? Kazi ya mama ikikua, anayevutwa kusaidia ni binti, na masomo yake yanakuwa ya kwanza kutolewa sadaka. Hilo halifai. Tangu mwaka wa shule ulioanza Septemba 2019, serikali ilianza kutekeleza shule ya msingi ya bure, lakini shule ya sekondari bado inalipiwa, na hapo ndipo mabinti wengi wanapoachwa njiani. Sabuni inayomtoa binti shuleni imetuuza kwa bei ya chini. Mvulana ana mikono pia: achote maji, aoshe vyombo, atwange sombe. Hatapungukiwa na kitu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

7. YA KUFANYA JUMA HILI

Kwanza, kila jamaa inunue kaye moja na kuandika kazi za mama za siku saba. Pili, mume na mke wachague pamoja kazi moja ya mikono na kutenga mtaji wake. Tatu, kazi mbili za nyumba ziondolewe juu ya mama na kupewa baba au wavulana. Nne, mama apate saa moja ya kupumzika au ya kutarizi, bila mtu kumwita.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nyumbani kwenu, ni kazi gani ya mama ambayo haijahesabiwa hata siku moja?
2. Katika mfano wa vipande 37, faida ilikwenda wapi? Baba angejibu namna gani kama angeona kaye?
3. Wavulana wenu wanafanya kazi gani nyumbani? Na mabinti?
4. Baba na mama mmepatana namna gani juu ya feza inayotoka katika kazi ya mikono?

Mama atakayeulizwa tena, "Unafanya kazi gani?", afungue kaye yake na kujibu kutoka mstari wa kwanza. Na bwana wake asaidie kusoma.

Amani ibaki katika nyumba zenu.