Dar es Salaam kwa mgeni: salamu kwanza, misimu baadaye

Mtu anayetoka Nairobi, Goma, Bujumbura au hata Mbeya huingia Dar es Salaam akijua kwamba Kiswahili anacho, kwa hiyo habari ya lugha haimsumbui. Anakuta jiji la watu zaidi ya milioni 5, kwa hesabu ya sensa ya 2022, lenye Kiswahili cha mtaani kinachogeuka kila mwaka na adabu ya pwani isiyogeuka upesi. Wageni wengi hukimbilia kujifunza hicho cha mtaani ili waonekane wenyeji. Ushauri wangu ni mwingine: lugha ya mtaani isikilize uielewe, adabu ndiyo uitumie. Kijana wa bodaboda akikuita "mwanangu" siku ya kwanza, amekupokea. Wewe ukimwita hivyo mwenye duka wa miaka hamsini, umeharibu.

Salamu ndiyo mahali wageni wengi hujikwaa. Dar hakuulizwi kitu kabla ya kusalimiana, si njia, si bei, wala kama basi limeshaondoka. Ukimfikia mlinzi getini moja kwa moja na "Ofisi ya mikopo iko wapi?", atakujibu, lakini kwa mkato, na pengine atakusimamisha hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Anza na "Habari za asubuhi, kaka." Ngoja aseme "Nzuri, za kwako?" Mjibu, kisha ndipo useme "Samahani, naomba kuuliza." Mlinzi huyo huyo atainuka kwenye kiti akakuonyesha mlango kwa mkono.

Aliyekuzidi umri waziwazi anapewa shikamoo, naye anaitikia marahaba. Nairobi watu wengi wameiacha shuleni, lakini Dar inafanya kazi kutwa nzima. Konda anampa mama anayepanda gari, daktari kijana anampa mgonjwa mzee, mteja anampa muuza mihogo. Ukiwa na shaka na umri wa mtu, toa tu. Mbaya zaidi atacheka na kukwambia bado hajazeeka, na mazungumzo yatakuwa yameanza vizuri. Rika lako unamwambia "Mambo?" au "Vipi?", naye atakujibu "Poa", "Freshi" au "Shwari". Hayo usimpelekee mzee, hata kama wajukuu zake wanamzoea hivyo.

Kuita watu nako kuna utaratibu. Dada, kaka, mama, baba, mzee na anko vinatosha karibu kila mahali. Wewe mwenyewe utaitwa bosi, mkuu, kiongozi au tajiri, na usijikunje, kwani hakuna aliyepekua mfuko wako. Ni maneno ya kumfanya mtu asimame asikilize. "Oya" na "we" ni vya marafiki walioshibana, na mgeni akivitumia huonekana amekuja kwa shari.

Kisha kuna neno "naomba". Kwingine mtu huingia mgahawani akasema "Nipe maji" au "Leta chai", na hakuna anayekasirika. Dar hiyo ni amri. Sema "Dada, naomba maji", hata kama unalipa kwa pesa yako. Chenji unaiomba, nafasi ya kupita unaiomba, na kiti kilicho wazi unakiomba pia. Ukipokea au kutoa kitu, tumia mkono wa kulia. Ukiwa umebeba mzigo kulia, waungwana husema "Samahani, mkono wa kushoto", na jambo linakwisha.

Lugha ya mtaani utaisikia zaidi kwenye pesa, na hiyo ni lazima uielewe mapema. Jero ni shilingi 500, buku ni 1,000, buku jero ni 1,500, na kuanzia hapo watu huhesabu buku mbili, buku tano. Noti nyekundu ya 10,000 inaitwa msimbazi, kwa rangi ya Simba, klabu ya soka yenye makao Mtaa wa Msimbazi. Hela kwa jumla ni mkwanja au mshiko. Mtu akisema "nina mishemishe" ana shughuli zake za kutafuta riziki. Akikupa "mchongo", amekuletea nafasi ya kupata chochote. Anayekuambia "usinizingue" anataka uache kumsumbua, na "tusepe" ni tuondoke. "Nakuja" nalo lina matumizi yake: mwenzako anainuka, anasema "nakuja", kisha anatoka mlangoni. Maana yake atarudi, basi mlindie kiti chake.

Shule ya haraka kuliko zote ni daladala. Jina lilitokana na dala, sarafu ya shilingi 5 iliyokuwa nauli katika miaka ya 1980, na nauli imepanda mara nyingi bila jina kubadilika. Dereva ni suka, kondakta ni konda. Konda wa Dar hahitaji kusema "nauli". Huchezesha sarafu kiganjani karibu na bega lako, nawe unatoa. Akisema nyuma kuna nafasi, sogea kweli, maana wanaopanda baada yako wanakusukuma. Ukikaribia kituo chako sema "Shusha!" kwa sauti ya kusikika, hapo hapahitaji haya. Ukiwa umekaa na mama mwenye mtoto au mwanafunzi mwenye begi amesimama mbele yako, nyoosha mikono umwambie "Nipe nikupakatie." Hili ni jambo ninalolipenda sana katika jiji hili, na mgeni anayelifanya haulizwi tena katokea wapi. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza 2016 katika njia ya Kimara, Kivukoni, Kariakoo na Morocco, ni ya haraka zaidi, ila asubuhi na jioni yanajaa, na foleni ya kuingia ina heshima yake.

Vituo vina majina ambayo ramani ya simu haiyajui vizuri: Mapipa, Mwembechai, Rangi Tatu, Kwa Aziz Ali. Uliza kwa jina la kituo, usiulize kwa namba ya nyumba. Na kuna Mbezi mbili. Stendi kuu ya mabasi ya mikoani, Kituo cha Magufuli, iko Mbezi Luis, Barabara ya Morogoro. Mbezi Beach iko upande wa bahari, Barabara ya Bagamoyo. Mwenye basi la alfajiri akimwambia dereva wa bajaji "Mbezi" bila kumalizia, anaweza kulikosa. Bajaji na bodaboda mnapatana bei kabla hujapanda, kamwe si baada ya kufika.

Kariakoo inahitaji siku yake. Utapokelewa na kijana mchangamfu anayekuuliza unatafuta nini, na anayejua kila duka. Huyo ni winga. Duka si lake. Anakupeleka kwa mwenye mali na kuongeza cha kwake juu ya bei. Si tapeli, ni kazi, na mara nyingine anakuokolea saa mbili za kuzunguka. Ila kama hutaki kuongezewa, mwambie kwa upole "Asante kaka, natembeatembea tu" na uendelee. Muuzaji akitaja bei halafu akasema "maongezi yapo", anakuruhusu kushusha. Uliza "Mwisho ngapi?", omba "Nipunguzie kidogo, mama", cheka naye. Usitaje bei kama huna nia ya kununua, kwa sababu akiikubali, kuondoka ni dharau. Mali usiibeze ili ishuke bei. Sifia kitu, lalamikia mfuko wako. Mzigo wako utabebwa katika mfuko wa kitambaa au mwingine unaoruhusiwa, kwani ile mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019.

Njaa ikiuma, chipsi ni kiepe, na chipsi mayai ni zege. Nyama ya nguruwe inaitwa kitimoto, na jina hilo huwastahi majirani Waislamu, ambao ni wengi. Iulizie kwa jina hilo na kwa sauti ya kawaida. Ukimpita mtu anakula, atakuambia "Karibu." Mtaani jibu "Asante, endelea." Ukiwa nyumbani kwake nawa, kaa, onja hata matonge mawili, maana kukataa kabisa kunamnyima mwenyeji raha. Kabla ya hapo ulipaswa kupiga hodi na kungoja karibu, na kuvua viatu mlangoni. Hodi tatu zisipoitikiwa, ondoka.

Mwezi wa Ramadhani, usile wala kuvuta sigara ukitembea mchana katika mitaa kama Magomeni na Kariakoo. Mavazi ya ufukweni yaishie ufukweni. Ikulu, kambi za jeshi na bandari hazipigwi picha, na mtu naye anaombwa kwanza. Ukikuta maturubai na viti vimezagaa barabarani na watu wamekaa kimya, huenda ni msiba: punguza mwendo, zima muziki wa gari, sema "Poleni."

Lipo swali moja lisilokwepeka: wewe Simba au Yanga? Klabu ya Yanga iliundwa 1935 na Simba 1936, na utani wao umeingia mpaka maofisini na misikitini. Utasikia Yanga wakiitwa utopolo na Simba wakiitwa makolo. Hayo waachie wenyewe. Jibu kwamba bado unaangalia, na utapata mashabiki wa pande zote mbili wakikushawishi hadi chai ipoe. Siku ya mechi yao Uwanja wa Mkapa, angalia rangi ya shati lako kabla ya kutoka.

La mwisho ni simu. Ukinunua laini ya Tanzania, huchukui muda kupokea ujumbe usemao "ile hela itume kwenye namba hii". Hakuna hela, hakuna anayekufahamu, ufute. Mwenyeji akikuomba umtumie pesa "na ya kutolea", anataka uongeze gharama ya kuitoa kwa wakala, na hilo ni la kawaida. Lakini namba yako ya siri haimhusu wakala, wala mtu wa mtandao, wala askari. Akiiomba yeyote, huyo ni tapeli.